Mwalimu, pakiti za sukari na jua la saa tisa: kisa cha mazoezi ya nguvu kwa mgonjwa wa MS

Kandambili zake ndizo zilizonipa habari ya kwanza. Ya kulia ilikuwa imelika kisigino, kama za watu wote. Ya kushoto ilikuwa imelika mbele, pale kidole gumba kinapokaa, mpaka sakafu inaonekana. Mtu ambaye kandambili yake inalika mbele hanyanyui unyayo anapopiga hatua, anauburuza. Akaingia ameshika ukuta, akakaa, akasema, "Daktari, mimi mguu huu si wangu tena."

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini Dar es Salaam ukishavaa koti jeupe umeshakuwa daktari na kubisha ni kupoteza muda. Yeye nitamwita Mwalimu, kwa kuwa mtaa mzima kule Tabata Kimanga unamwita hivyo na jina lake si la kuandikwa hapa. Ana miaka 36, anafundisha darasa la tatu.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu nilikosea, na kosa nililofanya nimeliona kwa wenzangu wengi tangu siku hiyo. Wengi wakisikia kisa wanadhani kosa lilikuwa kumpa mgonjwa wa MS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, mazoezi. Sivyo. Nilimpa mazoezi mepesi, ya muda mrefu, saa tisa na nusu alasiri, mwezi wa pili, uani palipoezekwa bati.

Ugonjwa wenyewe

Alikuwa na miaka 29 jicho la kushoto lilipoanza kuuma kila akiligeuza. Baada ya siku tatu likaingia ukungu. Anasema jambo lililomtisha zaidi ni rangi: kanga yake nyekundu, akiitazama kwa jicho la kulia ni nyekundu, akiitazama kwa la kushoto ni kama imefuliwa kwa jiki mara kumi. Akapewa dawa ya matone. Wiki sita baadaye jicho lilirudi, kila mtu akaishukuru dawa ya matone.

Miaka miwili ikapita. Ikaja ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini, na kitu cha ajabu: akiinamisha kichwa kufunga kamba za viatu, "umeme" unashuka mgongoni mpaka miguuni. Hapo kila ndugu akawa na lake. Waliosema kiharusi wakampeleka kupima presha, waliosema mkono wa mtu wakampeleka Bagamoyo. Alikwenda kote kuwili. Jibu lilipatikana akiwa na miaka 33, kipimo cha MRI kilipoonyesha makovu kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo: maltipo sklerosisi, ambayo hospitalini tunaiita MS tu.

Kwa ufupi, kinga ya mwili inashambulia mayelini, ule utando unaofunika nyuzi za mishipa ya fahamu ndani ya ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho. Fikiria waya wa umeme uliotafunwa na panya: shaba ipo, lakini plastiki ya juu imetoka vipande vipande. Taarifa inapita kwa shida, au haipiti kabisa. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa utaratibu kule Paris mwaka 1868, na jina la ugonjwa linatokana na yale makovu magumu. Duniani kuna wagonjwa wapatao milioni 2.9, wanawake zaidi ya mara mbili ya wanaume, wengi wakianza kuugua kati ya miaka 20 na 40. Kadiri unavyosogea mbali na ikweta ndivyo wanavyoongezeka. Kwetu ni wachache, na uchache huo una gharama yake: daktari anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuona hata mmoja, kwa hiyo akimwona hamtambui.

Kuna gharama nyingine ambayo sikuwa nimeifikiria kabla ya Mwalimu. Kwa kuwa ugonjwa umejazana nchi za baridi, hata miongozo ya mazoezi imeandikwa kule. Inakwambia mgonjwa afanyie mazoezi kwenye chumba chenye ubaridi wa kutosha, kisha inaendelea na mambo mengine, kana kwamba chumba cha namna hiyo kila mtu anacho.

Mpango wangu wa kwanza

Tulikutana mwishoni mwa Januari. Daktari wake wa mishipa ya fahamu alikuwa amempa alama 5 kwenye kipimo cha Kurtzke, kipimo cha ulemavu wa MS kinachoanzia 0 hadi 10; maana yake anaweza kutembea kama mita 200 bila fimbo wala kupumzika, na shughuli za siku nzima zinamshinda. Nilipima mwenyewe. Kuinuka kitini na kukaa mara tano, bila kutumia mikono, kulimchukua sekunde 24. Mtu wa umri wake asiyeumwa anamaliza kwa sekunde kumi au pungufu. Mita kumi alizitembea kwa sekunde 14. Misuli inayonyanyua paja la kushoto niliipa 3 kati ya 5: inashinda uzito wa mguu wenyewe, lakini ukiweka mkono wako juu yake inaachia. Inayonyanyua unyayo wa kushoto ilikuwa chini kidogo ya 3. Mguu wa kulia ulikuwa karibu mzima.

Nikafanya alichofanya kila aliyenifundisha: nikamwonea huruma. Nikampangia kutembea dakika 20 mfululizo kuzunguka uani, mara tatu kwa wiki, na mazoezi madogo madogo ya kulala chini na kunyanyua mguu mtupu. Uzito hapana. "Tusimchoshe," nilimwambia mdogo wake wa kiume, kijana anayebeba vyuma kwenye jimu moja pale Segerea, ambaye alikuwa ameshaniuliza kama amletee dada yake vyuma vidogo. Nikamtazama kama mtu asiyejua kitu. Saa tisa na nusu niliichagua kwa sababu Mwalimu anatoka shule saa tisa, na mimi napita njia hiyo nikirudi nyumbani.

Siku ya nne au ya tano ya mpango huo nilikuwa kwa mgonjwa mwingine simu ikaita. Alikuwa mama yake. Sikupata hata nafasi ya kumwamkia.

"Mwanangu anakufa. Hauoni mlango."

Mwalimu alikuwa amezunguka uani dakika 17. Mguu wa kushoto ukaanza kugonga chini, pa, pa, pa, kama mtu anayepiga kofi sakafu. Halafu jicho la kushoto likajaa ukungu, lile lile la miaka saba nyuma. Akakaa chini, kuinuka hakuweza. Wakaita teksi, wakampeleka hospitali. Huko walisema shambulio jipya la ugonjwa, wakamlaza, wakamtundikia dripu za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, siku tatu, na siku ya kutoka akaambiwa neno ambalo familia ililishika kuliko dawa zote: asijichoshe tena, mazoezi basi.

Siwalaumu sana. Ningekuwa zamu siku ile, na mgonjwa wa MS ameletwa haoni na hatembei, huenda ningesema vilevile.

Wiki sita za godoro

Machi yote na nusu ya Aprili Mwalimu alilala. Mvua za masika zikanyesha, shule ikampa ruhusa ya ugonjwa, mama akamhudumia kwa mapenzi yote: uji kitandani, maji ya kuoga chumbani, hata rimoti ya televisheni aliletewa mkononi. Nilipokwenda kumjulia hali katikati ya Aprili, kwa kuwa dhamira ilinisuta, niliomba nimpime mara moja tu. Kuinuka kitini mara tano kulichukua sekunde 31, na alikuwa anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja. Mita kumi, sekunde 17. Paja la kulia, lile zima, lilikuwa limepungua mpaka linaonekana kwa macho.

Mguu wa kulia ndio ulioniamsha. MS ya Mwalimu iko kushoto. Kama udhaifu wote ni wa ugonjwa, kulia kumefuata nini? Mgonjwa huyu alikuwa na madeni mawili, deni la ugonjwa na deni la kitanda, na sisi sote tulikuwa tunayahesabu kama moja. La kwanza sina uwezo nalo. La pili linalipika.

Nikiwa nafunga begi niondoke, Mwalimu akasema jambo kama mtu anayejisemea mwenyewe.

"Kinachonishangaza, tulipofika pale hospitali nilikuwa nasoma kibao cha mapokezi."

Nikakaa tena. Kibao gani? Kwa jicho gani? Akaeleza: teksi ilikuwa na kiyoyozi, dereva aliona hali yake akakifungulia mpaka mwisho, foleni ilikuwa ndefu pale Buguruni, na walipofika mjini ukungu ulikuwa umeshaondoka. Mguu ulikuwa bado mzito, ila alishuka mwenyewe. Mbona hukuwaambia? "Hakuna aliyeniuliza. Na mama alikuwa anaongea."

Sekunde zile ndizo zilizobadilisha matibabu yake yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Shambulio la kweli la MS haliondoki kwenye foleni ya Buguruni. Kwa desturi ya kitabibu hatuliiti shambulio mpaka dalili zikae zaidi ya saa 24, na mgonjwa asiwe na homa wala maambukizi. Alichopata Mwalimu kinajulikana tangu mwaka 1890, daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, alipoeleza wagonjwa ambao macho yao yaliingia ukungu wakifanya kazi ya mwili na kurudi wakipumzika. Uhthoff mwenyewe alidhani kilichofanya hivyo ni ile kazi. Ilikuja kueleweka baadaye kwamba ni joto. Nyuzi iliyovuliwa mayelini inapitisha taarifa kwa kubahatisha tu, na joto la mwili likipanda hata nusu ya nyuzijoto, hiyo bahati inaisha. Mwili ukipoa, taarifa zinapita tena. Hakuna kilichoungua. Miaka ya nyuma, kabla ya MRI, kuna madaktari waliomtumbukiza mgonjwa kwenye beseni la maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza, na zikijitokeza wakasema ni MS. Sisi tulikuwa na beseni letu: uani, bati, Februari, nyuzi 32 na unyevu wa hewa ambao jasho linatoka lakini halikauki.

Halafu kuna maji. Nilimuuliza siku ile alikuwa amekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi. Kikombe kimoja cha chai. MS imemletea mkojo wa kubana ghafla, choo cha walimu kiko ng'ambo ya uwanja, kwa hiyo siku ya shule hanywi kitu. Hajawahi kuniambia kwa sababu mimi ni mwanaume na nilikuwa sijauliza.

Chuma kina ubaridi kuliko matembezi

Kwa miongo mingi wagonjwa wa MS waliambiwa duniani kote wapumzike, wajitunzie nguvu. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1990; utafiti wa Utah, Marekani, uliochapishwa 1996 uliwafanyisha wagonjwa mazoezi ya pumzi, yale ya mfululizo yanayouendesha moyo mbio, kwa wiki 15 wakapata nafuu badala ya madhara. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark wakachapisha matokeo ya mazoezi mazito ya miguu, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12: nguvu ziliongezeka, na kutembea na kuinuka vikawa bora. Haya niliyajua. Ambalo sikuwa nimelipa uzito ni swali la wenzao wa hukohuko, mwaka 2013: mgonjwa anayesumbuliwa na joto anavumilia lipi zaidi, mazoezi ya pumzi au ya uzito? Ya uzito. Yanapandisha joto la mwili kidogo zaidi na kuamsha dalili chache zaidi.

Ukikaa ukafikiri, ni hesabu ya jikoni. Kutembea dakika 20 mfululizo ni kuacha sufuria motoni dakika 20. Kuinuka na mzigo mara 12 ni kama sekunde 40, kisha unaepua sufuria dakika mbili na nusu. Mazoezi matano, kila moja seti mbili, yanafika dakika saba hivi za kazi ndani ya nusu saa. Misuli inafanya kazi kubwa, mwili haupati nafasi ya kuchemka. Yule kijana wa jimu alikuwa sahihi kuliko mimi mwenye cheti, na nilimwambia hivyo. Alifurahi kupita kiasi.

Tulianza mwisho wa Aprili, baada ya daktari wake kukubali. Muda: saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri, Jumatatu nikiwepo mimi, Alhamisi akiwepo mdogo wake. Wakati huo hewa ya Dar ndiyo ina ubaridi wake wote, na hata joto la ndani ya mwili wa binadamu liko chini. Alasiri vyote viwili viko juu. Jioni ya kuamkia mazoezi mama anagandisha chupa mbili za maji. Ndoo ya maji inakaa pembeni na kanga ndani yake. Kabla ya kuanza, kanga inakamuliwa na kuvishwa shingoni, na Mwalimu anakunywa maji ya barafu kwa mafunda, tangu mwanzo mpaka mwisho. Maji ya barafu si mbwembwe: utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa wa MS wanaoathiriwa na joto walidumu zaidi kwenye mazoezi siku walipokunywa maji ya baridi sana kuliko siku walipokunywa ya uvuguvugu. Feni ikiwa na umeme inawashwa. Kuhusu mkojo tulikubaliana mazoezi yafanyikie sebuleni, hatua sita kutoka chooni, na aende kabla ya kila zoezi akitaka.

Vifaa navyo havikuhitaji duka. Kiti cha plastiki kimeegeshwa ukutani, wiki mbili za kwanza kikiwa na mto wa sofa juu yake ili asianzie chini sana. Kipandio ni ngazi ya baraza. Kamba ya kuvutia ni tyubu ya baiskeli iliyokatwa. Soksi ya mtoto iliyojaa mchanga, kilo moja kwenye mizani ya muuza mchele, inafungwa kwenye kifundo cha mguu kwa zoezi la kunyanyua goti. Mdogo wake alitaka kuleta kopo la rangi la lita nne lililojaa zege, kama wanavyofanya vijana wa uani, nikakataa: linakaribia kilo kumi na halipunguziki. Tulihitaji kitu cha kuongeza kilo moja moja. Mwalimu ndiye aliyesema, "Sukari." Begi la shule la mwanawe, linavaliwa kifuani badala ya mgongoni ili lisimvute nyuma anapoinuka, na ndani yake pakiti za sukari za kilo moja.

Hakuanza na sukari. Mwezi wa kwanza alikuwa anainua mwili wake tu, seti mbili, mara 12 hadi 15, mguu dhaifu ukitangulia katika kila zoezi la mguu mmoja mmoja kwa sababu nguvu ya MS ni kama pesa ya mwisho wa mwezi: kinachohitaji zaidi kinunuliwe kwanza. Kila baada ya seti nilimuuliza ugumu, 0 hadi 10. Nilitaka 5 hadi 7. Akisema 4 seti mbili mfululizo, wiki inayofuata pakiti moja inaingia. Ila kipimo cha kusimama hakikuwa namba. Kilikuwa sauti. Unyayo wa kushoto ukianza ile pa, seti imekwisha, hata kama ni mara ya nane na bado anajisikia vizuri.

Familia niliwaachia kanuni kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Dalili ikija wakati wa mazoezi: kaa, maji, feni, kanga. Ikiisha ndani ya saa moja, andika, endelea na siku yako. Ikikaa mpaka kesho yake, au ikija bila mazoezi wala joto, piga simu. Kukiwa na homa au mkojo unachoma, pima mkojo kwanza.

Mama

Mama hakuafiki. Alinisubiri barazani Jumatatu ya tatu, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Mwanangu, wewe umesoma, sikukatalii. Lakini mgonjwa gani anabebeshwa mzigo?"

Nilijaribu mambo ya mayelini, nikaona anatazama kuku. Nikamwomba kitu kimoja: kila Jumapili ahesabu mwanawe ameinuka mara ngapi bila kushikwa, kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Hakusema atafanya. Wiki tatu baadaye mjukuu aliniambia bibi ana kalenda ya ukutani yenye vijiti vya mkaa.

Wiki ya tisa kulikuwa na kitendawili. Mwalimu alikuwa kwenye pakiti nne, ugumu 6, halafu ghafla 4. Mdogo wake akasema tuongeze. Kitu kikanikataza, nikalitoa begi na kulipima: kilo tatu na robo. Kumbe pakiti ya chini ilikuwa imefunguliwa kwa ustadi na kufungwa tena kwa mpira, na siri haikukaa muda mrefu, kwa sababu sisimizi walikuwa wameshajipanga kwenye zipu. Mama akacheka mpaka akashika mlango: "Wageni walikuja, nikasema nitarudisha." Tangu siku hiyo begi lina mifuko ya kokoto, na sukari imerudi mahali pake. Na tangu siku hiyo, sijui kwa nini, mama ndiye anayekamua kanga.

Agosti

Mwanzoni mwa Agosti mguu ulikuwa mzito siku mbili mfululizo, asubuhi na jioni, hali ya hewa ikiwa nzuri kuliko mwezi wowote. Hapo karatasi ya friji ilifanya kazi. Hawakukimbilia dripu; walipima mkojo, ukakutwa na maambukizi, akapewa dawa ya siku tano. Maambukizi yanapandisha joto la mwili kutoka ndani, na matokeo kwenye nyuzi zile ni yaleyale ya bati. Wiki hiyo tuliruka Jumatatu. Alhamisi alifanya nusu ya mzigo, wiki iliyofuata robo tatu, kisha akarudi alipokuwa. Kama isingerudi hali, ningempeleka kwa daktari wake siku hiyohiyo, kwa sababu shambulio la kweli lipo na linaweza kumpata mtu anayefanya kila kitu sawasawa. Mazoezi ya nguvu si dawa ya kuzuia mashambulizi. Dawa za kazi hiyo ni nyingine, bei yake inajulikana na kila familia iliyowahi kuziulizia. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kati yake kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023, nasi tunasubiri orodha igeuke kuwa boksi dirishani.

Namba, na mguu ambao haujarudi

Mwisho wa Julai, baada ya wiki 12, kuinuka mara tano kulikuwa sekunde 18 bila mikono. Katikati ya Septemba, 15. Mita kumi kutoka sekunde 17 hadi 11. Begi lina kilo nane. Paja la kushoto limepanda hadi 4, na la kulia limejaa tena. Alirudi darasani muhula wa Julai, na anatembea mita 450 hivi kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya saa saba mchana ni nusu yake, na sijaribu kubishana na jua. Uchovu ule wa MS, ambao anausema ni kama kuvaa godoro lililolowa, umepungua lakini haujaondoka. Nilihofia misuli yake ingekakamaa zaidi usiku kwa ajili ya mizigo. Haikutokea, anaamka na mkakamao uleule wa zamani, tunanyoosha dakika tano yanaisha.

Ambacho hakikusogea ni unyayo wa kushoto. Miezi mitano ya tyubu ya baiskeli na bado uko 3 kasoro. Hapo ndipo deni la ugonjwa linapoonekana peke yake, la kitanda likiwa limelipwa: waya wa kwenda kwenye misuli ile umekatika vibaya, huwezi kufundisha msuli usiopokea habari. Ningeweza kuendelea kumpa matumaini kwa zoezi la ishirini na moja. Nilimpeleka kwa fundi wa viungo bandia, akampima gipsi na kumtengenezea kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu na kushikilia kifundo kisidondoke. Siku ya kwanza kukivaa alitembea kwenye korido na ile pa haikusikika. Mdogo wake akarekodi video ya miguu tu.

Desemba joto limerudi na shida mpya imekuja nalo. Plastiki inakumbata mguu kuanzia chini ya goti, jasho linakaa ndani, ngozi ya shavu la mguu imetoka vipele, na ikifika saa saba Mwalimu anakivua na kukitia kwenye mkoba. Yaani anakivua saa ileile unyayo unapokihitaji kuliko saa zote. Fundi ametoboa mistari miwili ya matundu upande wa nyuma, yamesaidia kidogo. Tumejaribu soksi ndefu ya pamba, inalowa. Wiki ijayo tunarudi kwake kuuliza kama ukingo wa juu unaweza kukatwa sentimita tatu bila kifaa kupoteza nguvu. Yeye anasema mbili. Mwalimu anasema yeyote atakayekata, akate kabla shule hazijafunguliwa Januari.